Wamegeuza Mlango Bila ya Kutuuliza

Mzee mmoja ambaye hukaa nasi barazani baada ya Alasiri aliniuliza swali wiki iliyopita, nami sikuwa na jibu fupi la kumpa. Alinisikia nikizungumza na mpwa wangu juu ya mchezo wa kompyuta, akastaajabu. "Bwana," akasema, "wewe huandika mambo ya utamaduni. Michezo hii ya vijana na utamaduni wapi na wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Walakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, na makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwako msomaji.

Naanza na hoja nyepesi. Mnamo Novemba mwaka 2012, jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, huko Marekani, lilitangaza kuwa limeichukua michezo 14 ya kompyuta na kuiweka miongoni mwa hazina zake. Jumba hilo ndilo lihifadhilo michoro ya Picasso na Van Gogh. Waliochagua michezo hiyo walisema kwamba wanaitazama kama kazi ya usanifu, yaani ufundi wa kupanga namna mtu anavyokutana na mashine na kuelewana nayo. Mmoja wa michezo hiyo 14 unaitwa EVE Online.

Hoja nzito ni hii ifuatayo. Mwaka mmoja na miezi kadha kabla ya kupata heshima hiyo, wachezaji wa EVE Online walikuwa wamewafanyia wenye mchezo maandamano makubwa. Mojawapo ya sababu ni kwamba waligeuziwa sura ya mchezo wao bila ya kutaka ridhaa yao. Kisa hicho nimekifuatia kwa muda, na kila nikikizingatia naona kina habari yetu sisi pia, hata sisi tusiocheza.

Mchezo wa manahodha

EVE Online ilitolewa mwaka 2003 na kampuni iitwayo CCP, ya mji wa Reykjavik, huko Aisilandi, kisiwa cha baridi kali kilichoko kaskazini ya bahari ya Atlantiki. Mchezaji wa mchezo huu ni nahodha. Chombo chake hakiendi majini bali huenda baina ya nyota, lakini mtu wa pwani hatashindwa kuyatambua mambo yake. Kuna bandari za kutia nanga. Kuna shehena. Kuna kununua rahisi huku na kuuza ghali kule. Kuna maharamia njiani, na chombo kikivunjwa ndiyo kimekwenda, hakirudi. Maelfu ya watu wa nchi mbalimbali hukutana katika ulimwengu mmoja na kufanya biashara katika soko moja, na mwaka 2011 kila mtu alikuwa akitoa ada ya kiasi cha dola 15 kwa mwezi.

Hebu tuelewane juu ya neno moja kabla ya kusonga mbele. Ninaposema "sura" ya mchezo sikusudii urembo. Nakusudia yale madirisha, vitufe na orodha zilizoko juu ya kioo cha kompyuta, ambazo kwazo mchezaji huamrisha chombo chake. Hana usukani mwingine. Sura hiyo ikibadilishwa, mtu aliyekuwa fundi jana huamka leo ni mwanafunzi.

Kabla ya Juni 2011, nahodha alipofika kituoni alikuwa akikiona chombo chake gudini, kimetulia mbele ya macho yake, na kwa kukivuta kidogo kwa kipanya aliweza kukizungusha akakitazama ubavu huu na ubavu ule. Kukizungusha hakukumpa faida yoyote. Hapakuwa na pesa wala ushindi ndani yake. Lakini manahodha walikuwa wakivizungusha vyombo vyao saa nzima, huku wanawangoja wenzao, huku wanaongea, kama vile mtu barazani anavyokizungusha kikombe cha kahawa ambayo imekwisha zamani. Hapo ndipo palipokuwa mapumziko yao.

Chumba cha nahodha

Tarehe 21 Juni 2011, CCP ilitoa mageuzi iliyoyaita Incarna. Gudi lile likaondolewa. Mahali pake pakawekwa chumba cha nahodha, chenye kochi, na vioo vya habari ukutani, na roshani. Sasa mchezaji alijiona mwili wake mzima, akitembea kwa miguu chumbani. Akitaka kukiona chombo chake ilimbidi atembee hadi roshani akakichungulie.

Huenda msomaji akasema, taibu, hilo nalo lina ubaya gani? Chumba kilikuwa kizuri, na mafundi wake walikitolea jasho. Naam, kilikuwa kizuri. Lakini hapana mgeni aliyeweza kukuingilia humo, wala wewe huwezi kutoka ukaenda kumtembelea mwenzio. Ndani ya mchezo huo mna mataifa manne, kila taifa na majengo yake na mapambo yake, lakini chumba kilichotolewa siku ile kilikuwa cha taifa moja tu, Minmatar, na manahodha wote wakalazwa humo. Kompyuta za wengine zililemewa, zikapata joto. Aliyekikataa chumba aliruhusiwa kukizima, ila alipokizima hakurudishiwa gudi lake. Alipewa picha moja iliyoganda, isiyogeuka wala kuzunguka.

Pamoja na chumba likaja na duka la mavazi. Humo iliuzwa miwani ya jicho moja kwa thamani iliyopita dola 60, yaani zaidi ya ada ya miezi minne, na miwani yenyewe haivaliki ila na yule mtu wa kwenye kioo. Haikupita muda, likavuja gazeti la ndani la kampuni, liitwalo Fearless, ambalo toleo lake lile liliuliza juu ya jalada kama uroho ni jambo jema, na ndani yake wakubwa wa kazi wakajadiliana namna ya kuuza vitu zaidi mchezoni. Mimi nayasoma mambo hayo hivi: mchezaji aliona kuwa ameondolewa chombo chake ili ajitazame yeye mwenyewe, na ametakiwa ajitazame ili anunue nguo.

Ndipo wakakusanyika Jita, palipo na soko kuu la mchezo huo, wakawa wanaupiga risasi mnara uliosimama nje ya kituo. Mnara ule haukuumbwa kuvunjika, nao walijua hivyo. Mpwa wangu alinieleza, "Mjomba, haikuwa vita. Walitaka wale wenye mchezo watazame."

Shura na mipaka yake

Sasa tufike kwenye jambo lililonivutia kupita yote. Mchezo huu una shura yake. Tangu mwaka 2008 wachezaji huchagua wajumbe wao kwa kura, na wajumbe hao hupokea siri za mipango ya kampuni na kutoa ushauri. Baraza hilo liliundwa baada ya kuzuka tuhuma mwaka uliotangulia, kwamba mmoja wa watumishi wa kampuni aliwapendelea wachezaji wa kundi lake. Kwa hivyo CCP haikuwa kampuni isiyojua maana ya kushauriana. Ilikuwa na baraza tayari, lina miaka mitatu.

Moto ulipowaka, wajumbe waliitwa Reykjavik kwa haraka mwishoni mwa Juni 2011. Yakazungumzwa ya kuzungumzwa, na kampuni ikatoa ahadi kuwa haitauza kwa pesa vitu vya kumzidishia mtu nguvu vitani. Ahadi hiyo ilikuwa na uzito wake. Lakini gudi halikurudi. Ulipita Julai, ukapita Agosti, ukapita Septemba, na watu wakaendelea kuondoka mmoja mmoja, wakisitisha ada zao.

Mwezi wa Oktoba mkuu wa kampuni, Hilmar Veigar Pétursson, akawaandikia wachezaji barua akikiri makosa yake na kuomba radhi. Mwezi huo huo kampuni ikatangaza kuwa itapunguza kiasi cha asilimia 20 ya wafanyakazi wake. Kisha tarehe 29 Novemba 2011, katika mageuzi yaitwayo Crucible, gudi likarudishwa, na chombo kikawa kinazunguka tena. Mataifa mengine nayo yakapata vyumba vyao, na mchezaji akaachiwa hiari: atakaye chumba akae chumbani, atakaye chombo akae na chombo chake. Mwaka 2017 chumba chenyewe kikaja kikaondolewa, kwa kuwa waliokitumia walikuwa wachache na kukitunza kumekuwa mzigo.

Wako wasemao kuwa hapo shura ilishinda. Mimi sioni hivyo, na insafu yanitaka niseme. Baraza lilikuwapo kabla ya Juni, na halikulizuia kosa. Lilikutana mara tu baada ya kosa, na gudi likachelewa miezi mitano. Ushauri hauna meno ikiwa mshauriwa halazimiki kuufuata. Kilichoifanya kampuni isikize ni ule mfuko uliokuwa ukipungua. Wachezaji walikuwa na mlango wa kutokea, wakautumia.

Hasira si hoja peke yake

Lau ningelikomea hapo ningekuwa nimewadhulumu wenye mchezo. Kwani si kila mageuzi ni dhuluma, wala si kila anayelalamika ana haki. Miezi sita tu baada ya kulirudisha gudi, tarehe 22 Mei 2012, CCP ilibadilisha ghala. Zamani kila ghala na kila sanduku lilikuwa na dirisha lake mbali, na mwenye mali nyingi alikuwa na madirisha tele juu ya kioo chake. Sasa yote yalitiwa katika dirisha moja, na upande wa kushoto pakawekwa orodha yenye matawi, tawi la chombo, tawi la kituo, tawi la kila sanduku.

Fikra yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini ilitolewa mbichi. Wale walioionja mapema katika seva ya majaribio walikuwa wameshalalamika, na ikatolewa vivyo hivyo. Mtu aliyezoea kuivuta shehena kutoka dirisha hili hadi lile, mkono wake haukuwa na haja ya kuyauliza macho. Ghafula mkono ukawa haujui uendako, na madirisha aliyoyapanga mahali pake hayakubaki yalipokuwa. Kelele zikapanda tena.

Tofauti ni kwamba safari hii mafundi hawakungoja barua ya radhi ya miezi minne. Baada ya wiki chache walianza kutoa marekebisho, moja baada ya jingine, na ghala moja likabakia. Nilipomuuliza mpwa wangu kama angependa kurudishiwa madirisha ya zamani, alitikisa kichwa. "La, Mjomba. Leo ukinirudishia ya kale siyataki." Basi hapo wenye mchezo waliona mbali kuliko wachezaji, ila walikosa subira na adabu ya kuyaleta waliyoyaona.

Mnamo mwaka 2022 walipotaka kuibadilisha sura nzima ya madirisha, walikwenda kwa njia nyingine. Sura mpya iliwekwa kwanza kwa hiari, ya kale ikiwa kando yake, wachezaji wakaijaribu na kusema waliloliona, na mwaka 2023 ndipo ya kale ilipostaafishwa. Je, malalamiko yalikwisha? La hasha. Wako waliosema madirisha mapya yanakula nafasi, na wako waliosema hayasomeki vizuri. Lakini hapakuwa na maandamano kama yale ya Jita. Mtu aliyepewa muda wa kuaga hulalamika kwa namna nyingine na mtu aliyekuta kufuli imebadilishwa usiku.

Simu iliyohama nyumba

Sasa nimjibu mzee wetu kuhusu utamaduni, na nitamjibu kwa habari ya mama yangu mkubwa.

Mama mkubwa amepita miaka sabini. Kurani anaisoma bila ya kusita, na ujanani mwake akiandikiana na ndugu zake kwa hati za Kiarabu. Herufi za kizungu hazijui ila kwa kubahatisha. Hata hivyo kwa miaka mingi alikuwa akituma pesa na kulipa madeni yake kwa simu, peke yake, bila ya kumbughudhi mtu. Siku moja nilimkalia karibu nikagundua siri yake. Alikuwa hasomi. Alikuwa anahesabu. Bonyeza mara moja hapa, shuka mara tatu, bonyeza, andika. Njia nzima ilikuwa kidoleni mwake, kama vile msusi wa ukili asivyohitaji kuitazama miyaa.

Asubuhi moja wenye huduma waliigeuza orodha. Sitawataja, na sidhani kuwa walikusudia ubaya. Yamkini sura mpya ni nzuri kuliko ya kale, na vijana wameifurahia. Mama mkubwa akahesabu kama alivyozoea, akajikuta pahali asipopajua. Akajaribu tena, akaogopa. Aliponipigia alisema, "Mwanangu, simu hii imehama nyumba, na mimi sikuambiwa wameenda wapi." Nilikuwa safarini. Akamwita kijana wa jirani, akampa simu, na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine akampa na namba yake ya siri.

Kijana yule ni mwaminifu, na hakuibiwa hata senti moja. Lakini jambo alilokuwa akilijua yeye na Mola wake, yaani ana kiasi gani na anampa nani, sasa linajulikana na mtu wa tatu. Mtu mzima aliyekuwa akijitegemea aligeuzwa tegemezi kati ya usiku na asubuhi, na hakuna aliyeona kuwa pana jambo limetokea.

Hapo ndipo ninapowaonea wivu wale manahodha wa Aisilandi. Wao wana baraza, japo meno yake ni mafupi. Wana Jita ya kukusanyika, na mnara wa kuupiga ili watazamwe. Kubwa kuliko yote, mchezo ukiwachosha huuacha wakenda zao. Mama mkubwa hana hata kimoja. Hawezi kuiacha njia ya kupokea pesa za wanawe. Mambo yetu yanazidi kuingia ndani ya vioo hivi, malipo, vyeti, miadi ya hospitali, ada za shule, na kila kimoja kina sura ambayo mtu asiyetujua anaweza kuigeuza akiwa mbali.

Sisemi mageuzi yasiwepo. Mlango ulioliwa na mchwa hauwekwi kwa sababu babu aliuchonga. Nasema tudai mambo matatu, na yote matatu yanatokana na kisa nilichokisimulia. Kwanza, cha kale kisiondolewe mpaka kipya kiwe kimekamilika, na viwekwe kando kwa kando kwa muda wa kutosha watu kuhama. Pili, wakati wa kujaribu, waulizwe walioshika njia ya zamani kwa miaka, wakiwemo wazee na wasiosoma, wala wasiulizwe vijana hodari peke yao. Na wakisema kuna kasoro, wasikizwe kabla ya siku ya kutoa. Tatu, watu waambiwe kweli kwa nini panageuzwa. Kama ni kwa wepesi wetu, tuambiwe. Kama ni kwa ajili ya duka, tuambiwe pia.

Kuna mnara mwingine katika habari hii, na huu ni wa kweli. Mwaka 2014 CCP ilisimamisha mnara pale bandarini Reykjavik, nao umeandikwa majina ya wachezaji. Miaka mitatu baada ya kupigiwa risasi mnara wao wa mchezoni, walijenga mwingine wa kuwashukuru wale wale waliopiga. Naona walikuwa wamefahamu kuwa nyumba ile haikuwa yao peke yao.

Ama mama mkubwa, niliporudi safari nilikaa naye ukumbini tokea Magharibi mpaka karibu na Isha. Tuliihesabu njia mpya pamoja. Zamani ilikuwa kushuka mara tatu, sasa ni mara tano na kurudi moja. Kisha tukaibadilisha namba ya siri, nami nikageuza uso alipokuwa akiiandika. Alipomaliza alijaribu mwenyewe mara mbili, akafaulu, akafurahi. Akaniuliza, "Na wakigeuza tena?"

Nilimwambia anipigie simu. Halikuwa jibu la kutosha, na yeye alilijua hilo.